Nukta ya Kati

Kwanza waliilaumu kampuni.
Kisha mvua. Kisha mtoto wa jirani
anayepakua michezo usiku kucha.
Ukuta haukushukiwa na mtu.

Mimi ni fundi, nazijua kuta za Gyumri:
mawe meusi ya volkano,
unene wake mkono mzima, toka bega hadi kucha,
yaliyosimama wima nchi ilipotikisika
na nyumba changa zikakaa chini kama wachovu.
Ukuta uliolikatalia tetemeko
utaikubalia nini waifai?

Siranush, miaka kumi na saba, mwenye mtihani wa fizikia,
alisomea bafuni, ukingoni mwa beseni,
maana huko ndiko vilikofika vistari viwili.
Bibi yake, Arshaluys, alizungumza na dada yake wa Marseille
akiwa amesimama kando ya friji, koti mwilini,
uso wa dada ukiganda mdomo wazi
katikati ya neno "njoo".

Mwaka jana walinunua kirudishi cha bei poa.
Kasuku yule! Alisikia neno, akalisema tena,
na kila aliporudia, nusu ilimwagika.
Nikamchomoa, nikamlaza kwenye droo
pamoja na funguo zisizo na milango.

Nikapita chumba kwa chumba, simu mbele,
kama mtu atafutaye maji.
Ruta nikaitoa nyuma ya kioo
(kioo hurudisha kila kijacho, sura na mawimbi sawa).
Nikawaambia: vitatu, si kimoja kinachopiga kelele.
Cha kwanza kiseme kwa sauti ya kawaida,
cha pili kisikie, kikipokeze cha tatu,
na simu itembee nyumba nzima
ikipokewa kabla haijaachwa.
Jina moja. Nywila moja.

"Na hicho cha kati?"

Nikaonyesha mlango.

Siranush akatazama soksi zake.
"Tujaribu ukumbi," bibi akasema.
Tukajaribu ukumbi: taa nyekundu.
Dirisha la jikoni, kati ya mitungi ya jamu ya jozi: nyekundu.
Juu ya kabati, nami nikiyumba kwenye kiti kinacholia:
njano kidogo, halafu nyekundu.
Umbali ni umbali. Hauna adabu.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.
Chumba cha Vahagn: hewa ya miaka sita,
gitaa lililopungua uzi mmoja,
kalenda iliyogoma Oktoba,
kitanda kimetandikwa, kona za shuka zimekunjwa kali.
Kitanda, kutandika, mtandao:
mzazi mmoja, watoto watatu,
na leo wamekutana chini ya dari moja.
Sikusema. Fundi hulipwa kwa saa.

Arshaluys alipangusa rafu kwa kiganja, si kwa kitambaa,
akakiweka kile kisahani cheupe
jirani na kombe la mieleka.
Nikachomeka.
Nyekundu.
Njano, ikipepesa, ikipepesa.
Kuna mtu alizuia pumzi, nadhani ni mimi.
Kijani.

Toka chumba cha nyuma Siranush akapiga ukelele: "Vyote! Vistari vyote!"
Bibi hakutoka.
Alikaa ukingoni mwa kitanda, shuka ikajikunja chini yake,
akapiga simu Marseille.
"Uko wapi leo?" dada akauliza. "Mbona friji siioni?"
"Nimekaa," akajibu.
Na picha haikuganda,
wala yeye hakugeuza uso.

Nikaandika risiti, nikakusanya nyaya.
Nikitoka, kwa mazoea, nikaanza kuvuta mlango.
"Uache," akasema bila kuinua macho,
"utazuia."
Ubao mwembamba vile hauzuii kitu,
mawimbi huupita kama moshi kwenye chandarua.
Kazi yangu naijua.

Nikauacha wazi.